Huruma ya Eldoret na Adabu ya Barabara Wakati wa Mvua

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Uganda hupanda mlima mpaka Timboroa, ambako stesheni ya reli ilijengwa katika kimo cha zaidi ya futi 9,000 juu ya usawa wa bahari, halafu huteremka katika uwanda mpana wa Uasin Gishu. Hupita Burnt Forest, huona mashamba ya mahindi na ngano kushoto na kulia, na hatimaye huingia Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Akishavuka katikati ya mji na kushika barabara ya Uganda kuelekea upande wa machweo, kabla hajafika Maili Nne hukuta mtaa mkubwa wenye wakazi wengi. Jina la mtaa huo ni Huruma.

Huruma ni mahali pa watu wa kazi. Nyumba zake nyingi ni za kupanga, na asubuhi na mapema milango hufunguka kwa pamoja: mafundi, wachuuzi, walimu, wafanyakazi wa viwandani na watoto wa shule hutoka kwenda kutafuta riziki na elimu. Wengi wao huenda kwa miguu. Wengine hupanda matatu au bodaboda, na wengine husukuma mikokoteni iliyojaa viazi, makaa au mitungi ya maji. Ukingoni mwa njia akina mama hutandaza sukuma wiki, nyanya na vitunguu. Kwa hiyo barabara ya Huruma si njia ya magari peke yake. Ni soko, ni uwanja wa mazungumzo na ni njia ya watoto kwenda shule. Dereva apitaye hapo yafaa alikumbuke jambo hilo siku zote, lakini hasa yafaa alikumbuke wakati wa mvua na baridi.

Msomaji wa pwani aweza kushangaa akisikia habari za baridi katika nchi iliyo karibu kabisa na mstari wa ikweta. Lakini Eldoret imekaa katika kimo cha futi 7,000 hivi, yaani mita 2,100, na mwezi wa Julai mtu atokaye nje alfajiri huona pumzi yake kama moshi. Theluji haianguki huko. Hata hivyo uwanda huo una kipupwe chake, nacho kina silaha tatu: ukungu, matope na mvua ya mawe. Mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Machi au Aprili na kuendelea mpaka Septemba, na katika Julai na Agosti, miezi ambayo sehemu nyingi za Kenya huwa kavu, Uasin Gishu hupata mvua nyingi.

Tena mvua hiyo ina desturi yake. Mara nyingi asubuhi huwa nyeupe, jua likawaka mpaka adhuhuri, kisha mawingu hukusanyika, na kufika saa tisa au saa kumi alasiri radi hupiga na maji yakamwagika. Saa hiyo ndiyo saa watoto wanapotoka shuleni, na baada yake kidogo watu wazima hutoka kazini. Ifikapo saa moja jua limekwisha kuzama. Basi mvua, giza na umati wa watu hukutana njiani kwa wakati mmoja, na hapo ndipo dereva hupimwa.

Tope la Uasin Gishu si jambo geni. Mwaka 1908 kundi la Makaburu kutoka Afrika ya Kusini lilifika Nakuru kwa gari la moshi, likaanza safari ya kupanda uwanda huo kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Waliondoka mwezi wa Agosti wakafika mwezi wa Oktoba. Umbali ambao leo motokaa huumaliza katika saa chache uliwachukua zaidi ya miezi miwili, kwa sababu ya misitu, vinamasi na mvua. Gari lilipozama, ng'ombe wa gari jingine walifunguliwa wakafungwa mbele ya wale wa kwanza, wakavuta pamoja. Hakuna aliyefika kwa kumwacha mwenzake topeni.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1910, posta ilifunguliwa katika shamba namba 64, na hata leo wazee huuita mji huo Sisibo, yaani sitini na nne kwa Kiingereza kilichogeuzwa na ndimi za wenyeji. Jina la Eldoret lenyewe hutokana na neno la Kimasai lenye maana ya mto wa mawe, na mto huo ni Sosiani, ambao hupita mjini na kuelekea magharibi mpaka maji yake yakafika mto Nzoia na ziwa la Viktoria. Reli ilifika mwaka 1924. Barabara ya lami ilikuja baadaye, nayo iliondoa tope katika njia kuu, lakini haikuondoa hatari ya mvua. Pengine iliongeza, maana tope humlazimisha mtu kwenda polepole, bali lami humdanganya.

Udanganyifu wa lami huonekana sana katika mvua ya kwanza baada ya siku za jua. Wakati wa kiangazi vumbi, mafuta yanayodondoka kwenye injini na unga wa mpira wa tairi hukaa juu ya barabara. Matone ya kwanza huvichanganya vitu hivyo vikawa utelezi kama sabuni. Mvua ikiendelea kwa muda, uchafu huo huoshwa; lakini zile dakika za mwanzo, wakati dereva bado anafikiri kwamba ni manyunyu tu, ndizo za kuogopwa.

Hesabu yake si ngumu. Gari liendalo mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo unaoruhusiwa na sheria ya Kenya ndani ya miji na vituo vya biashara, hupita mita 14 kwa kila nukta moja. Mtoto akikurupuka mbele yake, mtu mwepesi huhitaji karibu nukta moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Kwa hiyo mita 14 zimekwisha kupotea bure. Katika njia kavu breki nzuri huhitaji mita nyingine 14 hivi kulisimamisha gari. Katika njia yenye maji umbali huo wa breki huongezeka mara mbili, na jumla yake ikawa kama mita 42. Na yule aendaye kilomita 80 katika mvua atahitaji mita zaidi ya 90, yaani karibu urefu wa kiwanja cha mpira. Hakuna mahali katika Huruma ambapo mtu aweza kupata urefu wa kiwanja cha mpira usio na mtu njiani.

Tena kuna jambo jingine ambalo madereva wengi hawalijui mpaka limewapata. Tairi lililokwisha meno haliwezi kuyatoa maji chini yake. Gari likienda kasi, maji hujipenyeza kati ya mpira na lami, na gurudumu likaelea kama mtumbwi. Hapo usukani huwa mwepesi mkononi na breki haina kazi. Dawa yake ni kuondoa mguu polepole kwenye mafuta, kushika usukani bila kuuzungusha, na kungoja tairi zishike njia tena. Lakini dawa bora ni ile inayotangulia ugonjwa: tairi zenye meno, mwendo mdogo, na nafasi kubwa mbele. Njia kavu hutaka nafasi ya nukta mbili kati ya gari na gari. Njia yenye maji hutaka nukta nne. Gari la mbele likipita nguzo ya stima, dereva wa nyuma na ahesabu polepole mpaka nne. Akiifikia nguzo kabla hajamaliza, amekaribia mno.

Waswahili husema kuteleza si kuanguka. Msemo huo ni mzuri kwa mtu aliyekosea akajirekebisha, lakini haufai kutumiwa barabarani. Kwa gari, kuteleza ndiko kuanguka, na mara nyingi anayeanguka si yule aliyeteleza.

Hapa ndipo adabu inapoingia. Dereva mwenye gari lake amekaa pakavu. Kioo kiko mbele yake, bati liko juu yake, na pengine hewa ya moto inampuliza miguuni. Mtu aliye nje hana hata kimoja. Mama aliyebeba mtoto mgongoni ameinamisha kichwa ili mvua isimpige usoni, kwa hiyo haoni mbali. Mwanafunzi amejifunika mfuko wa nailoni, na sauti ya matone juu ya mfuko huo humzuia asisikie injini. Msukuma mkokoteni hawezi kusimama ghafula, kwa sababu mzigo utamponda. Kila mmoja wao amepunguziwa uwezo na mvua. Ikiwa mvua imemwondolea kila mtu kitu fulani, ni haki yule aliyeondolewa kidogo atoe zaidi. Na kitu anachoweza kutoa dereva ni dakika zake chache.

Mfano mdogo ni maji ya mashimoni. Mvua ikinyesha, mashimo ya ukingoni mwa barabara hujaa maji mekundu ya udongo. Dereva wa haraka hupita juu yake, na maji yote huruka yakawaangukia wapitao. Kwake yeye ni sauti tu chini ya madigadi. Kwa mtoto wa shule ni sare moja aliyonayo, ambayo haitakauka usiku wa Julai, naye kesho ataivaa mbichi au atabaki nyumbani. Kwa mama mboga ni kapu la nyanya lililochafuka na wateja waliokimbia. Kwa mfanyakazi anayekwenda kuomba kazi ni aibu ya siku nzima. Kupunguza mwendo mahali hapo hakuchukui hata nusu dakika.

Ukungu nao una adabu yake. Asubuhi nyingine uwanda wote hufunikwa mweupe, hasa kuanzia Timboroa na Burnt Forest, lakini hata bondeni mwa Sosiani. Dereva asiyejua huwasha taa kali akidhani ataona mbali. Kumbe matone madogo ya ukungu huurudisha mwanga machoni mwake kama ukuta, na tena humpofusha yule ajaye mbele. Taa zifaazo ni zile za chini. Zinawashwa si kwa ajili ya kuona tu, bali kwa ajili ya kuonekana. Kwa hiyo hata kukipambazuka zisizimwe mpaka ukungu umeondoka. Vioo vifutwe ndani na nje kabla ya safari, na waipa zipate mpira mpya kabla ya masika, si baada yake. Mtu anayechungulia kwa tundu alilolifuta kwa kiganja haendeshi gari, anabahatisha.

Nyuma ya barabara kuu, katika vijia vya Huruma vyenye udongo, shida ni tope lenyewe. Zamani madereva wa Kenya walifunga minyororo katika magurudumu wakati wa mvua, kama wafanyavyo watu wa nchi za theluji. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kufanywa kwa miaka mingi wakati wa Pasaka, yalionyesha ulimwengu ubishi wa tope hilo. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena 7 tu yakamaliza. Mshindi katika miaka hiyo miwili alikuwa mtu mmoja, Nick Nowicki. Katika mvua ya namna hiyo hata mashindano ya mbio huamuliwa kwa kufika kwanza, na kasi ndipo huhesabiwa. Kawia ufike ni mafundisho ya tope kama ilivyo mafundisho ya wazee.

Kijana wa bodaboda ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote, kwa kuwa ana magurudumu mawili tu. Sheria humtaka abebe abiria mmoja, na wote wawili wavae kofia ngumu na koti la kung'aa. Wakati wa mvua sheria hiyo hugeuka kuwa rehema, maana koti hilo huonekana gizani mahali ambapo pikipiki haionekani. Wengine hufunga mwavuli mkubwa juu ya pikipiki. Mwavuli humfaa abiria, lakini upepo wa radi ukiupiga kwa ubavu huivuta pikipiki nje ya njia. Kwa hiyo upepo ukianza, heri kuukunja na kusubiri chini ya baraza. Abiria naye asimwambie kijana, "Kimbia, kabla sijalowa." Nguo iliyolowa hukauka.

Dereva wa matatu na kondakta wake wana wajibu wa pekee. Abiria mzee ashushwe mahali pakavu na patulivu, asishushwe mtaroni kwa sababu gari la nyuma linapiga honi. Kituo kikijaa maji, gari lisogezwe hatua chache. Kondakta akisema, "Pole mama, ngoja tusogee kidogo," na kuupokea mzigo kwa mikono miwili, gari halitapoteza nauli hata moja. Huenda kesho likaongeza.

Usiku wa mvua, gari likiharibika, hatari huwa ya watu wote. Pembe tatu zenye kung'aa ziwekwe mbali nyuma ya gari, kwa maana katika maji dereva ajaye anahitaji nafasi kubwa ya kusimama. Wengi hukata matawi ya miti wakayatandika njiani. Ni onyo ambalo kila Mkenya anaelewa, lakini usiku matawi hayang'ai. Tena yako mazoea mabaya ya kutia mawe chini ya magurudumu, na gari likishatengenezwa mwenyewe huondoka akayaacha pale pale. Jiwe hilo humngoja mwendesha pikipiki. Aliyeliweka ndiye apaswaye kuliondoa, hata kama mvua inamnyeshea.

Mto ukijaa, usijaribiwe. Maji yenye kina cha sentimita 30 huweza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 huyachukua magari mengi. Tarehe 4 Desemba 2021, katika kaunti ya Kitui, basi lililojaribu kuvuka mto Enziu uliofurika lilisombwa, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Walikuwa wakienda arusini. Hapakuwa na arusi isiyoweza kuwangoja.

Malori makubwa ya Uganda, Rwanda na Kongo leo yana nafuu, kwa kuwa barabara ya kuuzunguka mji, yenye urefu wa kilomita 32 hivi kutoka Cheplaskei mpaka Leseru, huyawezesha kuliepuka jiji na mitaa yake. Ni vema kila dereva wa lori asiye na shughuli mjini aitumie. Msiba wa Londiani wa tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoacha njia na kuwaangukia watu na magari kituoni, wakafa zaidi ya watu 50, uliionyesha nchi nzima jinsi soko la ukingoni lilivyo karibu na mauti. Wachuuzi nao, kwa upande wao, wasogee nyuma ya mtaro. Mteja wa kweli atavuka mtaro kuja kununua.

Wenye kwenda kwa miguu pia wana sehemu yao. Pasipo na njia ya miguu, mtu na aende upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia. Avae kitu cheupe au chenye kung'aa jioni. Mwavuli usishikwe kama ngao mbele ya macho. Watoto wafundishwe nyumbani kwamba gari linaloonekana mbali wakati wa jua ni karibu wakati wa mvua.

Katika nchi za theluji, kama Ujerumani, sheria humtaka dereva awe na tairi za majira ya baridi njia zinapokuwa na theluji au barafu, na asiye nazo hutozwa faini. Wakenya wengi waliohamia Minnesota, huko Marekani, wamejifunza kukwangua barafu katika vioo alfajiri kabla ya kwenda kazini. Lakini mambo wanayofundishwa huko ni yale yale yanayotakiwa Huruma: ona, onekana, punguza mwendo, acha nafasi, wala usimharakishe mwenzako. Barafu na tope hutofautiana kwa rangi tu; vyote viwili humnyang'anya dereva uwezo wa kusimama, na asiyeweza kusimama hana haki ya kukimbia.

Polisi hawawezi kukaa kila pembe, na mvua kubwa ikinyesha hata wao hutafuta mahali pa kujikinga. Wakati huo hakuna anayemwona dereva ila yule mtoto aliyesimama ukingoni na mkoba wake kichwani, akingoja gari lipite ili avuke kwenda kwao. Hajui sheria za barabara wala hesabu ya mita. Anautazama mwendo wa gari tu, naye hulifahamu jina la mtaa wake. Dereva na aukanyage breki mapema, kwa upole, asimame, ampungie mkono avuke.